Mashine Hununuliwa Siku Moja, Hutunzwa Miaka
Historia fupi ya vipakatalishi vya watoto wa shule, na sababu ya kamati yetu kutokimbilia dukani



Ni desturi ya kijitabu hiki cha harambee kuweka makala moja ya historia kuhusu mradi tunaouchangia mwaka huo. Mwaka huu mkutano mkuu ulipitisha kwamba tuchangie vipakatalishi vya bei nafuu, vigumu kuharibika, kwa ajili ya shule tatu za msingi za nyumbani. Tangu uamuzi huo upite, wanachama walio Mombasa, Nairobi na hata walio kazini Ghuba wametuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini kamati inajaza fomu na kuita mikutano badala ya kununua? La pili: kwa nini tusichukue zile kompyuta za bei ya chini kabisa zilizojaa madukani, tukapata nyingi kwa fedha zile zile?

Ni maswali ya haki, kwa kuwa fedha ni zenu. Jibu letu limo katika historia. Sisi si wa kwanza kutaka kumpa mtoto wa shule kompyuta ya bei rahisi. Serikali na mashirika makubwa wameshaipita njia hii, na nyayo zao bado zaonekana. Tukizisoma vizuri tutajua pa kukanyaga.

Tulianza na mabati

Kabla ya kwenda mbali, tuanzie kwetu. Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi waliitikia kwa mikono yao. Walibeba mawe, wakachanga mabati, wakauza kuku na mbuzi ili watoto wapate pa kusomea. Katika miaka ya 1960 na 1970 shule za sekondari zilizojengwa na wananchi wenyewe ziliongezeka mno, hata zikazidi zile zilizosaidiwa na serikali.

Lakini wazee wetu watakumbuka kilichofuata mahali pengi. Jengo lilisimama, likazinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha likangoja mwalimu. Waliojenga walitumaini kwamba serikali itakuja kuichukua shule, iilipie mishahara, vitabu na maabara. Kuna shule zilizochukuliwa upesi, nyingine zikangoja miaka, na karo ya mzazi maskini ikabeba mzigo wote. Kujenga kulikuwa harambee ya siku moja. Kuendesha kulikuwa gharama ya kila mwezi, na gharama hiyo haikuwa na siku ya mchango wala mgeni wa heshima.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu hadithi ya vipakatalishi ni hiyo hiyo, ila mabati yamekuwa plastiki na skrini.

Ahadi ya dola 100

Mnamo Januari 2005, mjini Davos, Uswisi, Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT cha Marekani alitangaza wazo lililoshangaza wengi: kipakatalishi cha mtoto wa shule kwa dola 100. Wakati huo kompyuta ya kupakata ilikuwa mali ya mkubwa wa ofisi. Negroponte na wenzake wakaunda shirika lisilo la faida, One Laptop per Child, na mpango wao ulikuwa kuziuzia serikali mashine hizo kwa mamilioni ili bei ishuke.

Novemba 2005 sampuli ya kwanza ilionyeshwa Tunis katika mkutano wa dunia kuhusu jamii ya habari, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Kofi Annan akiwapo. Ilikuwa ya rangi ya kijani, na ubavuni ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili mtoto asiye na umeme ajizalishie mwenyewe. Mkono huo ukachomoka mbele ya wageni. Mashine ya mwisho ilipotoka kiwandani, mkono haukuwamo tena.

Lakini tusiicheke mashine ile, kwani kwa ufundi wake ilikuwa jambo kubwa. Iliitwa XO, na ilianza kutengenezwa kwa wingi Novemba 2007. Kibodi yake ilifunikwa kwa mpira mmoja usio na mianya, vumbi na maji yasipate pa kupenya. Haikuwa na feni wala diski inayozunguka, basi hapakuwa na kitu cha kukwama ndani. Skrini yake, kazi ya mhandisi Mary Lou Jepsen, ilisomeka hata chini ya jua kali. Ilikula umeme kidogo sana, na betri yake ilisanifiwa kuchajiwa mara 2,000. Wahandisi wale walimfikiria mtoto wa kijijini kwa dhati, na tangu hapo kila mtengenezaji wa kompyuta za shule amejifunza kwao.

Palipopinda ni kwenye bei na mauzo. Dola 100 hazikufikiwa. Mashine ilipotoka ilikuwa karibu dola 188. Shirika lilitaka kila serikali iagize milioni moja kwa mpigo. Viongozi wa nchi kadhaa, Nigeria na Libya zikiwamo, walitajwa kuwa wamekubali, lakini maagizo ya mamilioni hayakuja. Kiongozi anaweza kukubali kwa neno jukwaani, ila fedha za umma hutoka kwa bajeti, zabuni na saini. Hapo ndipo ahadi nyingi zilipozama. Wakati huo huo kampuni ya Intel ilikuwa na mashine yake ya kushindana, Classmate. Intel ikajiunga na shirika la Negroponte Julai 2007, na kufikia Januari 2008 ikawa imeshajitoa.

Uruguay: zabuni haikuwachelewesha

Nchi moja ilifanikiwa, na kufanikiwa kwake ndiko kunakotufundisha zaidi. Uruguay ni nchi ndogo ya Amerika Kusini, yenye watu kama milioni tatu na nusu. Mwaka 2007 Rais Tabaré Vázquez alianzisha Plan Ceibal, mpango wa kumpa kipakatalishi kila mwanafunzi na mwalimu wa shule za msingi za umma. Hawakuanza na nchi nzima. Mei 2007 walianza na shule moja katika mji mdogo wa Villa Cardal, wakatazama watoto wanazitumia vipi na zinaharibika vipi. Ndipo wakatangaza zabuni. XO na Classmate zikashindana, na mwishoni mwa mwaka huo wakaagiza mashine 100,000 za kwanza za XO. Oktoba 2009, miaka miwili na kitu baadaye, walikuwa wameifikia kila shule: watoto zaidi ya 360,000 na walimu wao kama 18,000.

Tuliangalie hili kwa makini, kwa maana huku kwetu tumezoea kusema kwamba urasimu wa ununuzi ndio unaoua miradi. Uruguay nayo ilikuwa na fomu, zabuni na ushindani, na bado ilimaliza kwa miaka miwili. Tofauti ni kwamba kazi ya ufundi ilikuwa mikononi mwa taasisi moja, maabara ya kiteknolojia ya nchi iitwayo LATU. Mtu anayejua kwamba kesho mashine mbovu itarudi mezani kwake huandika masharti ya zabuni kwa uangalifu.

Tofauti ya pili ni hesabu. Mwaka 2009 mpango ulipotimia, wasimamizi walisema kila mtoto amegharimu dola 260. Ndani yake mlikuwa mashine, matengenezo, mafunzo ya walimu na kuunganisha shule kwenye intaneti. Walisema pia kwamba kuuendesha mpango kungetaka dola 21 kwa kila mtoto kwa mwaka. Linganisheni 260 hizo na zile 100 za Davos. Mashine ni ile ile, lakini mmoja alitaja bei ya kitu na mwenzake akataja gharama ya kazi.

Kwa haki ni lazima tuseme pia kwamba Uruguay ina umeme karibu kila mahali na ardhi yake ni tambarare. Hatudai kwamba ilikuwa rahisi kwa kila mtu kufanya walichofanya. Tunachodai ni kwamba waliuliza maswali kwa mpangilio unaofaa.

Peru: mashine nyingi, matokeo machache

Jirani wa bara hilo hilo, Peru, alinunua mashine nyingi kuliko nchi yoyote, mamia ya maelfu, na kuzipeleka hasa katika shule za vijijini milimani. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilichapisha utafiti uliofanywa katika shule 319. Katika shule zilizopewa, kompyuta zilikuwa zimezidi hata idadi ya wanafunzi. Lakini katika mitihani ya hisabati na lugha, watafiti hawakuona ushahidi kwamba watoto hao wamewapita wenzao wasiopewa. Waliona nafuu fulani katika vipimo vya kufikiri kwa jumla.

Wako waliosoma habari hiyo wakasema kompyuta hazina faida. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema kompyuta haifundishi peke yake. Shule nyingi kati ya zile hazikuwa na intaneti, na mwalimu ambaye hakuonyeshwa namna ya kuiingiza mashine katika somo lake aliendelea na ubao na chaki. Na angefanya nini kingine?

Kenya: mtoto wa darasa la kwanza wa 2014

Sasa turudi nyumbani. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Mlikuwapo, mwakumbuka. Ahadi ile iliwafurahisha wazazi wengi, na iliibua ubishi mkubwa pia. Chama cha walimu, KNUT, kilisema fedha hizo zingetangulia kwa walimu na madarasa. Wengine waliuliza mashine zitachajiwa wapi, kwa kuwa shule nyingi za msingi hazikuwa na umeme.

Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2013 kwa sababu bei zilizoletwa zilikuwa juu mno. Ikatangazwa upya. Mwanzoni mwa 2014 kampuni ya Olive Telecommunications ya India ikapewa kazi ya shilingi bilioni 24.6. Kampuni mbili zilizokosa, Hewlett-Packard ya Marekani na Haier ya China, zikakata rufaa kwa bodi inayopitia malalamiko ya ununuzi wa umma. Machi 2014 bodi hiyo ikaubatilisha uamuzi. Ilisema aliyeshinda hakuwa mtengenezaji wa mashine hizo kama zabuni ilivyotaka, hakutimiza masharti ya uwezo wa kifedha, na bei ilibadilishwa baada ya zabuni kufunguliwa. Shauri likafika Mahakama Kuu, na zabuni ile haikufufuka.

Hapo mradi ukakaa. Baadaye ukatolewa Wizara ya Elimu ukapewa Mamlaka ya TEKNOHAMA, na wazo lenyewe likabadilika: badala ya kipakatalishi kamili, mtoto apewe tabuleti, mwalimu apewe kipakatalishi, na kila shule ipate projekta na seva ndogo yenye masomo. Zabuni mpya zikaenda kwa vyuo vikuu viwili na washirika wao wa nje: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Positivo BGH. Mwaka 2016 majaribio yalianza katika shule 150. Miaka iliyofuata vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule zaidi ya 20,000, na serikali ikapeleka umeme au sola katika shule zisizokuwa nao. Hilo ni jambo la kushukuru, wala hatulifichi. Shule ambazo hazikuwahi kuwa na balbu zilipata nuru kwa sababu ya mradi huu.

Lakini fikirieni mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, yule aliyetajwa katika ahadi. Majaribio yalipoanza 2016 alikuwa darasa la tatu. Vifaa viliposambaa nchini, vilikuwa vya madarasa ya chini, naye alikuwa amepita. Alikwenda hadi darasa la nane bila kukabidhiwa chochote. Mtoto haingoji rufaa.

Na vifaa vilipofika, historia ya mabati ikajirudia. Magazeti yalisimulia habari za tabuleti zilizoibwa, na nyingine zilizofungiwa stoo kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa kuulizwa zikipotea. Kulikuwa na chaja zilizokufa na hakuna aliyejua pa kununua nyingine. Kununua kulikuwa na wizara, mamlaka na mahakama. Kutunza kuliachiwa mwalimu mkuu na kufuli yake.

Jambo moja kutoka Ureno

Tumeitaja JP Sá Couto, na inafaa kueleza ilikotoka, kwa kuwa habari yake inakamilisha somo. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilitengeneza kipakatalishi cha watoto wa Ureno kilichoitwa Magalhães, kwa kufuata Classmate ya Intel. Kilikuwa kigumu, kina mpini wa kubebea, na mzazi hakulipa zaidi ya yuro 50. Watoto wengi sana wakakipata upesi. Kisha mwaka 2009 ikagunduliwa kwamba baadhi ya michezo ya kujifunzia iliyowekwa ndani ilikuwa imejaa makosa ya tahajia na sarufi ya Kireno. Plastiki ilipimwa kwa kuangushwa. Maneno ambayo mtoto angeyasoma hayakupata mtu wa kuyapitia.

Ugumu unaotakiwa pwani

Baada ya kusoma haya yote, kamati iliketi na walimu wa shule zetu tatu na fundi mmoja wa kompyuta mzaliwa wa kwetu. Tuliwauliza: mashine ngumu ni ipi hasa, kwa mahali petu? Majibu yao ndiyo yaliyokuwa orodha yetu.

Kwanza ni vumbi na chumvi. Upepo wetu una chumvi, nayo hula vyuma vidogo vilivyo ndani ya mashine. Mashine yenye feni huivuta hewa hiyo ndani mchana kutwa. Kwa hiyo tunataka isiyo na feni. Tunataka pia cheti kinachoonyesha kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Kiwango hicho huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, hadi 6, na ya pili ni ya maji. Muuzaji akisema mashine yake haiingii vumbi, tunamwomba tarakimu, si maneno.

Pili ni umeme. Shule mbili kati ya tatu hutegemea sola umeme wa gridi unapokatika. Mashine 20 zinazokula wati 15 kila moja zataka wati 300. Mashine 20 za wati 45 zataka wati 900, yaani sola mara tatu na betri mara tatu. Zile kompyuta za mitumba kutoka ofisi za Ulaya, ambazo wengi mmezipendekeza, nyingi ziko upande huo wa pili. Bei yake dukani ni ndogo, lakini tofauti yake ingelipwa juani.

Tatu ni vitu vinavyokufa kwanza: betri, tundu la chaja na chaja yenyewe. Tunataka mashine ambayo betri yake hubadilishwa kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vipatikane Mombasa, si kwa kuagizwa ng'ambo.

Nne ni masomo. Katika mtaala wa sasa, umilisi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi, hivyo mwalimu anadaiwa kuufundisha, awe na kifaa au asiwe nacho. Walimu wetu wanataka masomo yafunguke bila intaneti, na wayapitie wao wenyewe kabla mtoto hajayaona, ya Kiswahili kwanza.

Fomu yetu ya ukurasa mmoja

Hapa ndipo tunapojibu lile swali la urasimu. Ununuzi wetu una hatua chache, na kila hatua ina sababu iliyotokana na historia mliyoisoma.

Tunaomba bei kwa wauzaji watatu, kwa maandishi, na bei ikishafunguliwa haibadiliki. Kila muuzaji atatoa mashine mbili za sampuli, zikae darasani muhula mmoja mikononi mwa watoto wenyewe, kama walivyofanya watu wa Villa Cardal. Muuzaji mmoja alikwisha kutuambia kwamba hatoi sampuli, tukamshukuru tukaendelea na wengine. Mwisho wa muhula walimu wataandika ukurasa mmoja: ipi iliendelea kuwaka, ipi iligoma, ipi watoto waliielewa. Kamati haitanunua mashine ambayo walimu hawakuitia saini.

Baada ya hapo Bodi ya Usimamizi ya kila shule itapitisha, na kila mashine itaandikwa katika daftari la mali ya shule kwa nambari yake. Tumekubaliana na bodi kwamba mashine ikiharibika katika matumizi ya kawaida, mwalimu mkuu hatatozwa. Bila neno hilo, mashine zitaishia kabatini, na kabati halina mtihani wa kufanya.

Kuhusu fedha, mkutano uliamua hivi kabla hata ya bei kujulikana. Katika kila shilingi 100 mtakayochanga, 55 ni za mashine. Shilingi 15 ni za sola, nyaya na kabati la chuma la kuchajia. Shilingi 15 ni za mafunzo ya walimu wakati wa likizo. Na shilingi 15 zitawekwa katika akaunti ya matengenezo, zisiguswe kwa jambo lingine, kwa muda wa miaka mitatu. Kutoka hizo watalipwa vijana wawili waliosomea ufundi, wazaliwa wa kwetu, watakaozunguka shule tatu kila mwezi na bisibisi, betri na chaja za akiba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaunti hiyo ni ya kuziba nyufa.

Tunajua maana ya mgawanyo huu. Ni kwamba mashine zitakuwa pungufu kuliko ambavyo zingekuwa kama kila shilingi ingekwenda dukani, na siku ya kukabidhi, picha haitakuwa na maboksi mengi. Tumeridhika na hilo. Wazee wetu walijenga madarasa wakangoja walimu, nasi tumepata bahati ya kujifunza kwao bila kulipa karo.

Tunajua pia kwamba kuchelewa kuna bei yake, na anayelipa ni mtoto. Kwa hiyo tumejiwekea mpaka: majaribio ni muhula mmoja tu, na ununuzi utafanyika katika likizo inayofuata. Hautaongezwa mkutano wala fomu nyingine.

Ombi letu

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeweza kuchanga bei ya mashine nzima, atoe. Asiyeweza, achange betri moja. Asiyeweza betri, achange chaja, maana tumeona ya kwamba darasa zima laweza kusimama kwa kukosa chaja. Aliye fundi, atupe Jumamosi moja ya kuwafunza vijana wetu. Mwalimu mstaafu aliye na nafasi, apitie masomo ya Kiswahili pamoja na wenzake. Majina yote na michango yote yatasomwa siku ya harambee na kubandikwa katika ubao wa kila shule, pamoja na risiti za ununuzi.

Mwakani, katika kurasa hizi hizi, kamati itawaletea taarifa. Itasema ni vipakatalishi vingapi tulinunua, na chini yake itasema vingapi bado vinawaka, vingapi vimetengenezwa, na fedha ngapi zimebaki katika akaunti ya matengenezo. Tafadhali tuhukumuni kwa ule mstari wa chini.